Tulihamia Barabarani Kungoja Gari

Mwanangu amenunua gari la pili. La kwanza bado linatembea vizuri, halina kasoro isipokuwa rangi iliyofifia mlangoni, lakini anasema mke wake naye anahitaji la kwake kwa sababu kila asubuhi wanaelekea njia tofauti. Wote wawili wanafanya kazi hapahapa Mtwara mjini. Kutoka kwao mpaka ofisini kwa mkwe wangu, mimi na magoti yangu haya ya uzee, natembea na kufika kabla jasho halijanitoka.

Nilimuuliza mafuta ya magari mawili atayatoa wapi, na hao majirani zake ambao nao kila mmoja ana lake watayatoa wapi. Akacheka. "Mama, mafuta hayaishi. Yakipungua huku, wanachimba kule. Na sisi hapa kwetu si tuna gesi baharini?" Nikamwambia chovya chovya humaliza buyu la asali. Akasema, "Mama umeanza tena na darasa lako," akaendelea kulipangusa gari lake vioo. Nikaondoka na hasira zangu. Njiani bajaji zilinipigia honi, bodaboda zikanipitia ubavuni, kila mmoja akiniona mimi mwenda kwa miguu ndiye niliyekosea njia.

Najijua, nakasirika upesi. Nilipokuwa kazini walimu wenzangu walinitania kwamba chaki zangu huvunjika kabla hazijagusa ubao. Lakini kwenye habari hii ya magari na mafuta nina haki yangu ya kukasirika, na sitaomba radhi kwa mtu. Mimi ni mtoto wa watu waliohamishwa makwao ili wakakae karibu na gari, kisha gari lenyewe likakosa mafuta.

Kwetu ni upande wa Mahurunga, nchi inayoteremka kuelekea mto Ruvuma. Zamani hizo hatukuwa na kijiji cha kukionyesha mtu kwa kidole. Kila ukoo ulikaa ndani ya mikorosho yake, na jirani ulimjua kwa moshi wake. Mikorosho yetu ilikuwa ya mama, aliyoachiwa na mama yake, maana kwetu sisi shamba hufuata upande wa mama. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, mlango wake ni wa mninga, na mbele ya mlango kulikuwa na uwanja ambao mama aliufagia kila alfajiri utadhani anategemea mgeni wa serikali.

Mgeni wa serikali akaja kweli, akatuambia tuhame. Ilikuwa miaka ile ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa kukaa mtawanyiko ndiko kulikotuchelewesha. Serikali haiwezi kumpelekea zahanati, shule na maji mtu aliyejificha porini. Watu wakikaa pamoja kando ya barabara, gari litafika, na likifika gari vitu vyote vitafuata. Mwenyekiti wa kijiji kipya alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, baba mmoja mama mmoja. Aliamini kila neno. Siku hizi watu wanapenda kusema viongozi wa wakati ule walikuwa waongo, na mimi nawabishia. Mjomba wangu hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwema aliyependa gari.

Alikuja kwetu jioni moja kumshawishi dada yake. Mama alikuwa anatwanga, na hakuacha kutwanga.

"Aka! Mimi niache mikorosho yangu nikakae njiani kama ntu anayeuza machungwa?"

"Dada, mikorosho utakuja kuipalilia. Si mwendo wa asubuhi moja tu?"

"Na nguruwe atakayekula mihogo yangu jioni, nitamfukuza kwa barua?"

Mjomba akanielekezea kidole mimi, niliyekuwa nachambua mchicha mlangoni. "Huyu ntoto ana akili. Nwalimu kaniambia. Akifaulu kwenda sekondari mjini, utambeba mgongoni? Yule binti wa kule kwa shemeji alifaulu, akakosa wa kumpeleka, sasa yuko wapi? Ana watoto. Kijiji kitanunua lori, dada. Na basi litapita kila siku. Atatoka mlangoni kwako, atapanda gari, atashuka shuleni."

Mchi ukasimama. "Kila siku?"

"Kila siku."

Mama alihama kwa ajili hiyo na si kwa ajili nyingine. Zahanati hakuitaka, alikuwa na dawa zake. Aliung'oa mlango wa mninga akaubeba kichwani mwenyewe mpaka barabarani, maana hakumwamini mtu. Nyumba mpya zilipangwa mstari mmoja, milango yote ikitazama barabara, kwa amri. Hapakuwa na mti hata mmoja. Mchana jua lilitupiga mpaka kuku wakakaa chini ya vitanda.

Na nisiwe mchoyo wa ukweli: mwanzoni gari lilikuja. Kijiji kilinunua lori kuukuu la dizeli kwa korosho za msimu mmoja, basi likapita asubuhi na kurudi jioni, na landrova ya wilaya ikaleta mabwana shamba wenye soksi ndefu. Mama alianza kuwajua madereva. Alikaa kizingitini akawapungia mkono, na siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mdogo wake, pamoja na maneno yake mengi, safari hii amesema kweli.

Kisha redio ya mjomba ikatangaza habari za mafuta. Sikumbuki maneno yenyewe, ila nakumbuka tulivyoelezwa barazani kwenye ofisi ya kijiji: kuna vita mbali huko, Waarabu wamekataa kuuza mafuta, bei imepanda duniani kote, na nchi yetu haina uwezo wa kununua kama zamani.

"Waarabu wa wapi?" mama akauliza. "Wale wa Mikindani? Yule nzee wa dukani ananijua, nitakwenda kumwomba."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba akaeleza kwamba si hao. Ni wa mbali, wenye visima, na wanunuzi wakubwa ni watu wa Ulaya na Marekani, ambako kila mtu ana gari.

"Kila ntu?"

"Kila ntu na lake, dada."

"Wanakwenda wapi wote hao?"

Kicheko kikaisha. Mimi nimekuja kufundisha jiografia miaka mingi, nimechora ramani za visima na njia za meli ubaoni, nimesahihisha mitihani mpaka macho yamekwisha, na swali lile la mama bado sina jibu lake. Mwanangu pia hana. Anajua bei ya mafuta ya jana na ya leo, ila ukimuuliza anakwenda wapi na magari mawili, anasema kazini.

Basi likaanza kuja mara moja moja, kisha likaacha. Lori la kijiji likasimama kando ya ofisi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Korosho za msimu ule zikajaa ghalani mpaka juu, maana lori la kuzichukua kutoka mjini nalo halikuwa na mafuta. Kule tulikotoka mikorosho yetu tuliipalilia nusu, kwa kuwa kwenda na kurudi kulimaliza siku. Tukawa tumeacha shamba ili tufuate barabara, na barabarani hakupiti kitu isipokuwa mbuzi. Watu walikaa milangoni wakiitazama tu. Hasira niliyonayo leo ilianzia hapo, kwenye kile kizingiti kinachotazama njia tupu.

Ndipo nikafaulu. Tulikuwa wengi darasani, tukachaguliwa wawili, na msichana nilikuwa peke yangu. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumwambia mama. Akamwambia na jambo la pili: niwe shuleni mjini ifikapo Jumatatu fulani ya Januari. Asiyeripoti siku hiyo, nafasi yake inapewa mwingine, kwa sababu wasichana wanaongoja ni wengi kuliko vitanda.

Mama hakupiga vigelegele. Alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwa mjomba. "Ntoto amefaulu. Gari liko wapi?"

Sasa nieleze walichofanya, na anayetaka kucheka acheke, ila ajue kwamba hata mimi niliamini. Kwetu kila mtu aliyewahi kukaanga korosho anajua moto wake. Unaweka korosho na maganda yake kwenye bati lililotobolewa, unakoleza kuni, na baada ya muda ganda linatoa mafuta yake meusi. Yakidondokea motoni ndimi zinaruka juu kuliko paa, na moshi wake unatoa machozi kijiji kizima. Mafuta yale yanawaka kuliko mafuta ya taa. Na sisi tulikuwa na ghala zima la korosho ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua.

Sijui nani alisema kwanza. Jambo kama hilo likishasemwa linakuwa la wote. Dereva wa lori alisema yeye ameshawahi kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, na injini ya dizeli haichagui, mradi kitu kinawaka. Mjomba akaitisha mkutano. Wazee wakakubali, vijana wakashangilia. Kwa nini tuwapigie magoti wenye visima vya mbali, na sisi mafuta yetu yanaota kwenye miti? Nakumbuka fahari iliyotupata. Kwa siku kadhaa kijiji chetu hakikuwa kijiji kinachongoja.

Wanawake wakakaanga. Walitega masufuria chini ya mabati kukinga mafuta kabla hayajashika moto, wanaume wakayachuja kwa vitambaa, na korosho zenyewe zilizobaki tukala sisi watoto mpaka tukavimbiwa. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanaunguza ngozi. Mama alikaanga kuliko wote. Viganja vyake vilitoka malengelenge, kisha ngozi ikabanduka, vidole vikawa vyekundu kama vya mtoto mchanga. Nilimwomba apumzike. Akasema atapumzika nikishashuka shuleni.

Tulipanga kuondoka Jumapili asubuhi. Dereva alichanganya mafuta yetu na dizeli kidogo iliyokuwa imebaki. Lori likakohoa, likakataa, likakohoa tena, kisha likawaka. Sikuwahi kusikia kelele kama ya siku ile. Watu walilia. Moshi mweusi ulijaa barabara nzima, na mjomba alisimama katikati yake akiwa amenyoosha mikono juu. Nikapandishwa nyuma na sanduku langu la bati na mkeka wangu, mama akapanda, na watu wengi wasiokuwa na safari yoyote nao wakapanda, wakaimba.

Hatukufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza lori likaanza kupungua nguvu, wimbo nao ukapungua, kisha injini ikajifunga ghafla na lori likarudi nyuma kidogo kabla dereva hajalishika breki. Akafungua boneti. Akafungua chujio la mafuta, akaingiza kidole, kikatoka kimevutana na utomvu mweusi unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Yale mafuta yalikuwa yamepata moto yakaganda ndani ya mashine yote. Lori lile halikuwaka tena mpaka lilipouzwa kwa vyuma vyake.

Mjomba alipiga tairi teke, kisha akakaa chini barabarani na suruali yake ya Jumapili. "Dada, subirini. Nitatuma ntu wilayani. Labda kesho..."

"Kesho ndiyo Jumatatu," mama akasema.

Akaweka kata ya kanga kichwani, akaniambia nimtwishe sanduku. Mjomba hakumtazama. Mimi nilimtazama mjomba, na nilimchukia kwa moyo wangu wote, ingawa sasa najua kwamba chuki ile haikuwa yake. Nilikuwa na miaka yangu ile ya kutaka mtu wa kumlaumu, na wenye visima na wenye magari walikuwa mbali mno.

Hatukufuata barabara. Barabara inazunguka, maana waliichonga kufuata mahali ambapo magari yanaweza kupita bila kuzama. Tulishika njia ya miguu iliyopita mashambani, njia ya bibi zetu waliokwenda Mikindani kuuza mihogo mikavu na kununua chumvi. Mvua ilitunyeshea, ikaacha, ikatunyeshea tena. Alasiri tukatokea kwenye mahame yetu.

Nyumba ilikuwa bado imesimama, haina mlango. Nyasi zilifika madirishani. Mama alitua sanduku akaanza kuzunguka mkorosho mmoja baada ya mwingine, akiishika kwa vile viganja vyake vilivyobabuka. Chini korosho zilikuwa zimedondoka, hazikuokotwa na mtu, nyingine zimechipua palepale na majani mawili mawili. Alirudi akakaa karibu nami. Nilidhani atalia.

"Kutoka hapa mpaka mjini tunafika lini?" akaniuliza.

"Tukitoka alfajiri, kesho kabla ya adhuhuri."

"Na kutoka kule barabarani mpaka hapa tumetembea tangu asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Basi hapa ndiyo karibu." Alisema polepole, akihesabu. "Wametuhamisha kutoka karibu wakatupeleka mbali, wakasema wametusogeza."

Nilitaka kupiga kelele. Mpaka leo, wakinionyesha soko jipya lililojengwa nje ya mji, na ofisi mpya, na hospitali mpya, zote mahali ambapo mtu wa miguu atafika amechoka nusu ya kufa, na kijana mwenye tai ananiambia ni karibu tu, bibi, naisikia sauti ya mama pale mahameni. Umbali wetu unapimwa na watu wasiotembea. Wanapanga dunia nzima kana kwamba mafuta yataendelea kububujika mpaka kiama, na yakikatika watakaobaki njiani na masanduku kichwani si wao.

Tulilala pale, na Jumatatu kabla ya adhuhuri tulikuwa langoni mwa shule, matope mpaka magotini. Mwalimu wa zamu alitutazama, akatazama viganja vya mama, akaandika jina langu. Nilipewa kitanda cha mwisho. Wasichana wawili waliofika kesho yake walirudishwa. Nao pia walikuwa wamengoja gari.

Mama hakukaa. Alininyoosha kola, akasema, "Soma," akageuka.

Likizo ya kwanza nilirudi kwa miguu kwa njia ileile, nikikusudia kupita mahame niendelee mpaka kijijini. Sikuhitaji kuendelea. Niliona moshi. Mlango wa mninga ulikuwa umerudi mahali pake, uwanja umefagiwa, na mama yuko juu ya paa anaezeka. Tangu siku ile aliyoniacha langoni hakurudi barabarani isipokuwa mara moja tu, kuuchukua mlango. Alikaa pale mpaka Mungu alipomchukua, akazikwa kati ya mikorosho yake, na watu wengine watatu au wanne wa kijijini walifuata mfano wake kimyakimya wakarudi kwenye mahame yao.

Lakini likizo ile nilikuwa na hofu, kwa sababu kurudi mahame lilikuwa kosa. Na kweli, siku chache baadaye mjomba akatokea njiani. Alikuwa amevua viatu amevishika mkononi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, na alionekana amezeeka. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Dada, wilaya wamejua. Nimetumwa. Ama urudi kijijini kwa hiari yako, ama watakuja wenyewe, wakuchukue na vyombo vyako, na nyumba hii waibomoe."

Mama alikuwa anabangua korosho. Hakuinua kichwa.

"Niliambiwa nihame, nikahama. Mimi langu nimetimiza. Sasa watakuja wenyewe?"

"Watakuja, dada. Wamesema."

"Kwa gari gani?"

Mjomba akavitazama viatu vyake mkononi, akavitua chini, akaomba maji ya kunywa.